Dogo, mwiba wa taa na bomba la Madimba

Najua nimepotea. Kuna mmoja kaniuliza kama kimya chote hiki ni cha fungate... jamani, fungate kwa mshahara upi? Nilikuwa na jambo moja kifuani ambalo kila nikikaa kuliandika linanishinda. Ukizoea kuandika ya watu, ya kwako yanakuwa mazito. Leo naliandika lilivyo, na pale nitakaporuka mnisamehe.

Ni habari ya dogo. Mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa mama yetu, aliyezaliwa Msimbati mimi nikiwa tayari nasoma shule ya msingi. Kwa msiopajua, Msimbati iko kule kona ya mwisho ya nchi, kusini mashariki. Ukitoka Mtwara mjini unapita Madimba, kilomita 40 na kitu, unatokea kwenye ufukwe mweupe ambao gari linapita juu ya mchanga kama lami. Ukizidi kusini unaingia kwenye mikoko ya mlango wa mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Chini ya ardhi yetu kuna gesi, iligunduliwa 1982. Juu ya ardhi tuko sisi, na minazi, na mikorosho.

Dogo alikuwa mtoto wa bahari. Akiwa na miaka 14 alikuwa na mabega ya mtu mzima, na watu walisifu: hilo ni kasia hilo! Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo, tukasema ameichukua kwa baba. Kwenye mpira alikuwa fundi wa dakika 15 za kwanza. Baada ya hapo anakaa chini, anashika vigimbi, anasema miguu imekwisha. Wenzake wakampa jina la Mzee. Mimi nilimwita mvivu. Nililisema mbele ya watu, tena zaidi ya mara moja.

Kichwa kilimuuma tangu zamani. Pua nayo ikawa inatoa damu. Bibi akasema ni jua. Jirani akasema ni kitu cha baharini, na kwetu bahari haina uhaba wa wenyewe. Mwaka 2021 damu ilizidi, na kwa kuwa siku hizo alikuwa na kikohozi, akapelekwa mahali fulani ambapo sitapataja, wakamshuku kifua kikuu na kumpiga eksirei. Jibu likatoka: mapafu safi. Tulifurahi mno. Mama akaiweka ile picha chini ya godoro, maana kitu kilicholipiwa hakitupwi. Mahali pengine, siku nyingine, walimpima presha ikasoma juu. Mhudumu akaigonga mashine, akarudia, ikasoma juu vilevile. Akasema mashine imechoka hii, mtoto huyu presha ataitoa wapi? Akampa dawa ya maumivu, wakaagana. Simlaumu sana. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mashine ningesema hivyohivyo.

Basi bwana, Februari 2024 dogo akakanyaga taa. Nasema taa yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anayejifukia mchangani maji yakipungua. Mguu ukavimba, siku ya pili ukawa mweusi kuzunguka kidonda, ikabidi apandishwe bodaboda mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Mimi nilikuwa likizo nyumbani, nikawa mlezi wa msafara.

Tukakutana na daktari kijana, bado yuko kwenye mwaka wa mazoezi kwa vitendo, macho mekundu kwa usingizi. Akakiangalia kidonda, kisha akaweka vidole viwili juu ya wayo wa mguu ulioumia, akatafuta mapigo ili ajue kama damu inafika. Hakuyapata. Akahamia nyuma ya kifundo. Hola. Nikaona uso wake unabadilika, nikawaza tayari, mguu unakatwa. Kisha akafanya jambo ambalo nimelifikiria kila siku tangu hapo. Akahamia mguu mzima, ule usiokanyaga chochote. Nao hauna kitu.

Akasimama. Akavuta pazia, akamwambia dogo ashushe bukta. Dogo akanitazama mimi. "Braza?" Nikamwambia fanya anavyosema daktari. Akaweka mkono mmoja kinenani na mwingine kwenye mkono wa dogo, pale chini ya kidole gumba, akafumba macho kabisa kama anasikiliza redio ya mbali. Mapigo ya kinenani yalikuwepo, ila dhaifu, tena yalikuwa yanachelewa, yanakuja nyuma ya yale ya mkononi. Kwa mtu wa kawaida yanakuja pamoja.

Akapima presha mkononi: 172 kwa 98. Akazunguka wodi nzima akitafuta mkanda mpana wa paja, akarudi nao, akapima mguuni: 106. Kwa kawaida presha ya mguu hailingani tu na ya mkono, mara nyingi huizidi kidogo. Ya dogo ilikuwa imeporomoka kwa 66. "Kaka," akaniambia, "huyu ana tatizo la moyo la kuzaliwa nalo. Ameshawahi kupigwa picha ya kifua?"

Nikampigia mama. Kesho yake ile picha ikaja na basi, imeviringishwa ndani ya kanga. Daktari akaishika kuelekea dirishani. Hakugusa mapafu. Alipitisha kidole ukingoni mwa mbavu, upande wa chini, akanionyesha vibonde vidogovidogo, kama ubao ulioliwa na mchwa. Sehemu kadhaa, kushoto na kulia. Akasema hivi ni vya mishipa iliyonenepa. Nikamuuliza hii picha ni ya lini, ingawa nilikuwa najua. Miaka mitatu tulilalia jibu.

Ngoja nieleze ugonjwa wenyewe kwa namna nilivyouelewa, na madaktari mliopo humu mnirekebishe. Damu ikitoka moyoni inapita kwenye mshipa mkuu, aota, ambao unapanda juu kidogo, unatoa matawi ya kichwa na mikono, kisha unajikunja kama mpini wa mwavuli na kushuka kwenda tumboni na miguuni. Kuna watu wanazaliwa na aota iliyobanwa, na mahali penyewe karibu siku zote ni hapohapo, mara tu baada ya tawi la mkono wa kushoto. Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu yake, kwa hiyo kuna kamshipa ka njia ya mkato kanakoungana na aota pale. Akishazaliwa kanajifunga ndani ya siku chache. Mbano unakaa jirani ya hapo.

Kwa kichanga mwenye mbano mkali hizo siku chache ndizo hukumu. Njia ya mkato ikifunga, sehemu ya chini ya mwili inakosa damu, mtoto anaacha kunyonya, anapauka, anakufa kabla ya arobaini. Ipo dawa ya kukaweka wazi kale kamshipa mpaka afike kwenye upasuaji, lakini lazima kwanza mtu ajue. Huko vijijini wangapi tumewazika tukisema Mungu amempenda zaidi? Sijui. Wale hatuwaandiki.

Mwenye mbano wa wastani, kama dogo, anakua. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi kupita pale penye mbano, kwa hiyo juu presha ni kubwa na chini ni ndogo. Figo ziko chini ya mbano. Zikiona damu inakuja kwa unyonge, zinadhani mwili wote una upungufu, zinaagiza presha ipandishwe! Ndiyo maana vidonge vya presha peke yake havimalizi kazi. Na damu yenyewe haikubali kukaa foleni. Inatafuta njia za pembeni, kwenye mishipa midogo inayopita chini ya mbavu, na hiyo inanenepa mwaka hadi mwaka mpaka inaukwaruza mfupa. Mtu wa Ruvuma haihitaji picha kuelewa. Mto ukikuta fungu la mchanga mlangoni unajigawa kwenye vijito vya mikoko, na vijito vile ukivipa miaka vinakula ukingo.

Daktari alipomchorea dogo haya yote kwenye karatasi, dogo akacheka. Akasema, "Kwa hiyo gesi imejaa Madimba, Dar umeme hakuna." Hata daktari alikaa chini kwa kicheko. Bomba lile lililozinduliwa 2015 linaanzia pale kwetu, na watu wa Mtwara tunalijua vizuri, wengine tangu Mei 2013 tuna makovu yake. Dogo alikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini ameelewa bomba ni nini.

Mwisho wa ugonjwa huu ukiachwa si mzuri. Moyo unachoka, au mshipa unapasuka ubongoni, au aota yenyewe inachanika. Wengi wasiotibiwa hawafiki miaka 50. Nilipoyasikia haya nikamkumbuka mjomba mmoja, kaka yake mama, aliyeangukia ndani ya dau akiwa na miaka 33, mzima wa afya, kasia mkononi. Kwenye ukoo wetu kifo kile kina maelezo yake, na kuna mama mmoja mzee aliyehamishwa kijiji kwa ajili ya maelezo hayo. Siwezi kusema mjomba alikuwa na mbano. Hatutajua kamwe. Lakini usiku ule sikulala.

Kipimo cha eko kikathibitisha, na kikaongeza jingine: mlango wa moyo unaoelekea kwenye aota, ambao huwa na vipande vitatu, wa dogo una viwili. Wenye mbano wengi wako hivyo. Tukaandikiwa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tarehe ikapangwa mwanzoni mwa Mei.

Mei ile mnaikumbuka wadau. Usiku wa kuamkia tarehe 4 tukawa na kimbunga Hidaya, mvua ikashuka, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, Kilwa. Mabasi yakalala huku na huku. Mimi nilikuwa Dar, dogo yuko Msimbati, na tiketi ya ndege ukiitazama bei unaomba barabara itengenezwe. Kuzunguka kwa Masasi, Tunduru na Songea mpaka Dar ni kama kwenda nchi nyingine. Tukasubiri. Mhariri wangu, asiyejua lolote, akanipa kazi ya kuandika habari ya barabara ileile. Nikaandika kuhusu bei ya nyanya na magari ya mafuta yaliyokwama. Haikunijia kuuliza katika yale mabasi kuna wagonjwa wangapi wenye rufaa mfukoni. Haikunijia, na mmoja wao angekuwa mdogo wangu!

Hapa ndipo pananiuma. Kambi za upasuaji wa moyo nimeziandika mara kadhaa. Wanakuja madaktari kutoka nje kushirikiana na wa kwetu, tunaitwa waandishi, tunapewa maji na idadi ya watoto waliotibiwa, tunapiga picha ya mama anatabasamu, tunaondoka. Idadi ile ni ya waliofika. Sijawahi kuuliza swali moja kuhusu asiyefika, kwa sababu asiyefika haitishi mkutano na waandishi. Nilikuwa naandika kuhusu mashine. Mashine tunazo, jamani. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, Taasisi ikaanzishwa 2015, na kabla ya hapo ilikuwa ni India kwa wenye bahati, na watoto wengi wa Zanzibar walipelekwa Israel kupitia mradi wa kule wa kuokoa mioyo ya watoto. Leo ni safari ya basi. Kikwazo cha dogo hakikuwa mashine wala daktari bingwa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyeshika mguu wake.

Nimejiuliza kwa nini. Kipimo chenyewe ni vidole viwili, bure, hata zahanati isiyo na umeme inaweza. Nadhani sababu mojawapo ni kinena. Mhudumu anaona haya, mgonjwa anaona haya, chumba hakina pazia, foleni inachungulia mlangoni. Kijana aliyetoka jandoni hamvulii mtu bukta kwa sababu ya kichwa kinachouma. Na mkanda wa presha tumeuzoea mkononi mpaka tunaamini presha inaishi mkononi.

Haya, turudi safarini. Barabara ikapitika, dogo akaja, tarehe ikapangwa upya. Pale Taasisi wakampiga siti skani na daktari akatuonyesha kwenye skrini: aota nene, halafu ghafla kiuno kama cha nyigu, milimita 4, halafu nene tena. Akatueleza njia mbili. Ya kwanza ni kufungua ubavuni, kukata kipande kilichobanwa na kushona ncha mbili. Ni upasuaji wa zamani, ulifanyika mara ya kwanza Stockholm mwaka 1944 kwa mkono wa Clarence Crafoord, na kwa vichanga bado ndio unaopendelewa. Ya pili ni kuingia kwa katheta kupitia mshipa wa pajani, bila kufungua kifua. Puto la kutanua mbano huu lilianza kutumika 1982, stenti ikafuata miaka ya tisini mwanzoni. Kwa kijana wa umri na uzito wa dogo, mwenye mshipa ulioshakaribia ukubwa wake wa utu uzima, hii ya pili inafaa.

Akatutajia na hatari zake, bila kuficha: mshipa unaweza kuchanika, unaweza kufanya uvimbe baadaye, damu inaweza kuganda. Si mara nyingi, lakini hutokea. Dogo ana miaka 17, kwa hiyo anayesaini ni mlezi. Karatasi ikawekwa mbele yangu.

Nikampigia mama. Akasema, "Saini mwanangu. Ila mwambie mjomba wako kwanza." Kwetu watoto ni wa mjomba, mnajua. Nikampigia mjomba mkubwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wanampasua?"

"Hapana mjomba, wanatoboa tundu dogo tu pajani."

"Moyo uko pajani?"

"Wanapitia pajani, wanapanda na waya mpaka karibu na moyo."

Kimya. Nikasikia mawimbi nyuma yake. "Nani alianza mambo hayo?"

Sasa hapo nikamshukuru Mungu kwa kusoma ovyo. Nikamsimulia habari ya Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1929. Alikatazwa na mkubwa wake, akamhadaa nesi aliyeshika funguo za vifaa, akajipitishia mrija mwenyewe kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu kushuka chumba cha eksirei apigwe picha ya ushahidi. Miaka 27 baadaye akapewa tuzo ya Nobel. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwendawazimu. Lakini alijianza mwenyewe, huyo anaaminika. Saini."

Nikasaini. Mkono ulitetemeka, herufi zikatoka kama za darasa la kwanza.

Alhamisi saa 3 asubuhi wakamchukua. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia nimtunzie simu na nisijibu meseji za mtu yeyote. Nikajua kuna msichana, nikafurahi kwa kuwa na kitu kingine cha kufikiria.

Kilichofanyika ndani nilielezwa baadaye. Walimlaza, wakamtoboa kinenani, palepale ambapo yule kijana wa Ligula aliweka vidole, wakaingiza mrija mfupi. Kupitia mrija huo ukapita waya mwembamba, ukapanda tumboni, kifuani, ukapenya kwenye mbano. Wakaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei na aota ikajichora kwenye skrini huku moyo unadunda. Wakapima presha juu ya mbano na chini yake: tofauti 52. Ikizidi 20 inatosha kuamua kutibu. Kisha juu ya waya wakapandisha puto lililokunjwa, limevalishwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kilichobanwa, hiki cha dogo kikiwa na ngozi nyembamba juu yake ili mshipa ukichanika damu isivuje nje. Kikakaa katikati ya kiuno cha nyigu. Puto likajazwa kwa sekunde chache, wavu ukafunguka, ukashika kuta. Puto likanyonywa na kutolewa. Stenti ikabaki, na itabaki maisha yake yote. Walikitanua kiuno hadi milimita 14, hawakutaka kuuvuta mshipa wote kwa siku moja. Tofauti ya presha: 5.

Mimi nje nilikuwa nimekaa na baba mmoja kutoka Kigoma ambaye binti yake yuko chumba kinachofuata. Hatukuzungumza. Alinigawia karanga. Saa moja na dakika 40.

Walipomtoa alikuwa na usingizi, mguu umenyooshwa, ameamriwa asiukunje kwa saa kadhaa. Nesi mtu mzima akaja, akaweka vidole juu ya wayo, akachukua kalamu, akachora alama ya X pale alipoyapata mapigo, ili wa zamu inayofuata asihangaike kutafuta. Nikamwomba na mimi nishike. "Shika, lakini usikandamize, ukikandamiza utayasikia ya kwako." Nikaweka vidole. Jamani. Tuk, tuk, tuk. Juu ya mguu uleule niliouita mvivu.

Dogo akafumbua jicho. "Braza, mbona miguu ina joto?"

Nikamwambia ni shuka. Nilishindwa kusema zaidi, nikatoka kwenda korido.

Siku ya tatu tukaruhusiwa. Kuhusu gharama sitazama sana: ustawi wa jamii walitusaidia sehemu, ukoo ukachanga kwenye kundi la WhatsApp, korosho za mama zikalipa zilizobaki, na mimi nina deni ambalo mwenye nalo anasoma hapa, tulia kaka, litalipwa.

Msidhani kila kitu kiliisha palepale. Presha ya mkononi ilishuka lakini haikushuka yote, mishipa iliyozoea presha miaka 17 haisahau kwa wiki, kwa hiyo anameza kidonge kimoja kila asubuhi. Anatakiwa kliniki kila mwaka, apigwe picha, waangalie kama stenti imetulia na kama ule mlango wa vipande viwili unachoka. Huenda baadaye wakarudi na puto kuitanua zaidi. Na apige mswaki! Dogo alishangaa daktari wa moyo anamkagua meno, lakini vijidudu vya kwenye fizi vinaweza kusafiri na damu mpaka kwenye mlango ule. Anavua bado. Amekatazwa kunyanyua vitu vizito vya kukabidi, kwa hiyo kazi ya nanga amemwachia mwenzake, na mwenzake ananung'unika.

Alama ya X aliigomea kuiosha. Alirudi nayo Msimbati imefifia, akamwonyesha mama, akamshika vidole na kumwekea pale. Mama akashika muda mrefu. Kisha akashika wake mwenyewe, na wa bibi, na wa paka.

Daktari alisema mlango wa vipande viwili unaweza kutembea kwenye damu ya familia, kwa hiyo ndugu wote tupimwe eko. Mimi nilikwepa miezi 5, nikisema kazi. Mwandishi wa habari za afya huyo! Hatimaye nikaenda, vipande vyangu ni vitatu, vyote vinafunga. Dada zangu wawili wamepimwa, wako salama. Amebaki mama, aliyesema yeye ameshazeeka, wa nini. Wiki iliyopita nikamtajia jina la kaka yake, yule wa kwenye dau. Hakujibu. Jana usiku akanipigia kuuliza kama pale Ligula wana pazia.

Basi la saa 12 asubuhi, wadau, nakwenda kumsindikiza. Jumatatu ni zamu yake.